Kidole Gumba cha Estill

Nitasema mapema, ili mtu asije akasoma mpaka katikati akinidhania mwema: ile rili niliichonga mimi. Hobert Slone akifika hapa atatema kahawa. Na aiteme tu. Amekunywa kahawa yangu miaka arobaini na hajawahi kuosha kikombe.

Mume wangu, Estill Combs, ana rili sitini na moja. Rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia samaki, lakini usimwambie Estill ni kigurudumu, atakunyima kiti. Zake ni za kale, za kazi ya mkono, zilizotengenezwa na mafundi saa wa huku kwetu Kentucky zamani sana, na hakuna hata moja iliyoonja maji tangu mimi nizaliwe. Zinakaa chumba cha nyuma pamoja na mambo yake ya bunduki: makopo ya baruti yasiyo na baruti, masanduku ya mbao yenye chapa za viwanda vilivyokwisha kufa, mabango ya bati yenye bata wanaoruka, na vikasha vya risasi vya karatasi ambavyo havifunguliwi, maana kikifunguliwa kimekufa. Bunduki zenyewe ni tatu, za vita vya babu zao. Haziwezi kumuua hata panya, labda zimwangukie.

Ukutani, mbele ya kiti chake, ipo kalenda ya mwaka 1911 iliyotolewa na kiwanda cha risasi. Ina picha ya mbwa wa kuwindia aliyeinua mguu mmoja. Estill humwita Kanali. Kila asubuhi alikuwa anamwamkia Kanali kwanza, ndipo anikumbuke mimi.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa jaji wa chama. Chama chetu kina watu kama hamsini, wazee watupu, na tunakutana mara moja kwa mwaka, Jumamosi inayotangulia Siku ya Kupamba Makaburi, kwenye ukumbi wa zimamoto hapa Pigeon Fork. Kila mtu huja na alichookota mwaka ule. Estill akisema kitu ni cha kweli, basi. Akisema ni cha bandia, mwenyewe anakifunga kwenye gazeti anakirudisha garini, habishi. Hakuna aliyewahi kumwambia umekosea. Hilo neno lake ndiyo mali aliyoipenda duniani kunizidi mimi, na mimi sikuwa na wivu ila siku nilizoamka na maumivu ya mgongo.

Kisha macho yakaanza kufa. Daktari alisema katikati ya jicho pamechakaa, pembeni pamebaki. Akikutazama usoni haoni uso, anaona masikio. Ili akuone uso, inabidi ageukie pembeni kama mtu aliyechukizwa nawe.

"Siku hizi umependeza sana, Idella," aliniambia tulipotoka hospitali. Na huo ndio uliokuwa utani wake wa mwisho kwa miezi mingi.

Baridi ilipoingia akaacha kwenda chumba cha nyuma. Akawa anakaa jikoni, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa. Nikimpikia maharage na mkate wa mahindi, anakula vijiko viwili anasema ameshiba. Nikimkaangia tufaha, kijiko kimoja. Mkanda wa suruali ukawa unaingia ndani tundu baada ya tundu, mpaka nikatoboa mengine kwa msumari.

Siku moja akasema, "Mpigie Hobert. Aje achague anachotaka."

"Achague nini?"

"Chochote. Rili. Makopo. Mimi navifanyia nini?"

"Hobert akichukua makopo yako nitamvunja mguu."

Hakucheka. "Kanali simwoni tena," akasema. "Naona ukucha wake tu."

Nimezika wazazi, nimezika ndugu, na nimemzika mwanangu Vernon akiwa na miaka kumi na mmoja. Mtu anayeondoka namjua. Huyu alikuwa anaondoka akiwa amekaa kitini kwangu, amevaa soksi nilizomfuma mimi, na hakuwa anaumwa kitu chochote ambacho daktari angekitibu. Nikasema, Idella, ukimwacha huyu mpaka maua yachanue utayachuma kwa ajili yake.

Hapo ndipo nikamkumbuka Tandy Vance.

Vance alikuwa fundi saa wa hapahapa Pigeon Fork, wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini. Alitengeneza bunduki za askari wa pande zote mbili, na watu wanasema kila upande alikuwa anauambia mwingine utashindwa. Akipata nafasi anatengeneza rili. Zinazojulikana ni tatu tu. Mbili ziko ndani ya kioo, na ya tatu inamilikiwa na bwana mmoja wa Louisville ambaye hata mkewe hamwonyeshi. Estill ameitafuta ya nne tangu akiwa na nywele.

Sasa, mimi shule niliishia darasa la nane. Baba yangu alikuwa mchonga mawe ya makaburi na hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo nikiwa na miaka kumi na nne nilishika tindo. Nusu ya watu waliolala makaburi ya kilimani, majina yao nimeyaandika mimi. Vernon pia. Baba alisema mkono wake unatetemeka, nikamwambia hata usingetetemeka ningechonga mimi.

Kwenye pipa la Estill la vitu vilivyovunjika kulikuwa na rili moja ya zamani kweli, ya fundi asiyejulikana, haina jina wala mpini. Hata skrubu zake zilikuwa na vile vidoti. Mafundi wa zamani walikuwa wanapiga vidoti kwenye kila skrubu na idadi ileile kwenye tundu lake, ili kila moja irudi kwake, maana haikubali tundu la mwenzake. Kwa hiyo mwili ulikuwa wa kweli. Kilichokosekana ni jina tu, na majina ndiyo kazi yangu.

Nilitoa tindo ndogo kabisa ya baba, ile ya kuchongea maua. Nikaingia stoo ya mitungi, mchana Estill akisinzia. Siku tatu nilichonga: T. VANCE. Herufi nyembamba, za kizamani, kila mguu umesimama wima. Ningekuwa na akili ningechonga vibaya kidogo. Lakini mkono uliofundishwa vizuri haujui kukosea kwa makusudi, na mimi nilikuwa nimeanza kujipendeza.

Nikatia mpini wa mfupa kutoka rili nyingine iliyovunjika. Nikapaka mafuta ya bunduki yaliyoganda, masizi ya ndani ya kopo la baruti, na tope la kijito. Nikaiweka karibu na jiko ikauke, nikaipaka tena. Mwisho nikaificha wiki mbili kwenye banda, chini ya kuku anayeatamia. Kuku yule hakupata kifaranga, lakini rili iliiva.

Mwezi wa pili vitu vya marehemu Bi Cornett vilikuwa vinauzwa uani kwake. Nilimvisha Estill koti kama mtoto, nikamwambia nataka mitungi na siwezi kubeba peke yangu. Nilikuwa nimetangulia asubuhi kuweka rili chini kabisa ya sanduku la mbao la risasi, chini ya vyombo vya kuyeyushia risasi na makopo yenye kutu. Nilimsimamisha mbele ya sanduku lile, nikaenda kujifanya nachagua mitungi.

Hakuna raha kama kumwona mtu anapata ulichomfichia. Alianza kupapasa kwa uvivu. Kisha mkono ukazama. Ukasimama. Akaitoa rili akaisogeza kando ya uso, akageuza kichwa pembeni, akatoa kile kioo chake cha kukuzia kutoka mfuko wa koti. Na mimi nilidhani ameshaacha kukibeba.

"Idella." Sauti ilikuwa kama ya mtu kanisani. "Njoo usome hapa."

"Mimi sina miwani."

"Soma!"

"V," nikasema. "Na A. Kuna uchafu, Estill, ngoja niifute."

"Usiiguse!" Watu wote uani wakageuka. "Ukiifuta nitakuacha!"

Maana ndiyo desturi yao. Kitu kipya hakisafishwi nyumbani. Uchafu ni ushahidi. Kinakuja mbele ya chama na tope lake, kinafunguliwa skrubu moja moja juu ya kitambaa cha kijani, kinafutwa mbele ya macho ya wote. Mwenye nacho akionekana amekisugua, hata kiwe cha kweli namna gani, watu watakitazama kama mchumba aliyeoga mara mbili.

Jioni ile alikula maharage bakuli mbili. Akaomba na kitunguu.

Wiki zilizofuata nilikuwa na mume. Alirudi chumba cha nyuma. Alipiga simu kwa watu ambao nilidhani walishakufa, na wawili kweli walikuwa wameshakufa, akazungumza na wajane. Alikuwa ananiambia niandike barua, anaitamka, mimi naiandika, barua kwa bwana wa Louisville, barua kwa watu wa makumbusho. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, "Nina imani hii ni kazi ya Vance bila shaka yoyote," na kalamu haikunitoboa kidole.

Ila nilianza kuhesabu siku za mkutano. Nilikuwa nimepika mzaha wa kumtoa mtu kitini, sasa mzaha umevaa koti unataka kwenda ukumbini. Kule kuna wazee wenye vioo vya kukuzia vingi kuliko meno. Wakiigundua, neno la Estill la miaka ishirini na sita litafungwa kwenye gazeti lirudi garini. Na yeye je, atarudi kitini? Safari hii nani atamtoa?

Hobert Slone akaja kuiona. Huyo ndiye jaji wa pili, mtu wa makopo ya baruti, ana tumbo kama pipa la baruti pia.

"Nionyeshe huyo bibi harusi," akasema kabla hajakaa.

"Utamwona ukumbini na wenzako," Estill akasema.

"Mzee, mimi nimekuletea bango la bati! Lile la bata watano. Nakupa bango, unaniachia niiguse tu."

"Bango lako lina tundu la risasi."

"Tundu ndiyo thamani yake!"

"Tundu ulilipiga wewe mwenyewe, Hobert, ukiwa umelewa, mwaka ule wa mafuriko. Mimi nilikuwepo nimeshika taa."

Wakacheka mpaka Hobert akashika ubavu. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, nikasikia kicheko cha Estill, nikafikiri, hiki kicheko nimekichonga mimi, na kinaweza kunivunjikia mikononi.

Nilijaribu kusema. Nataka hilo lijulikane. Ilikuwa mwezi wa nne, asubuhi, alikuwa anajinyoa mbele ya kioo asichokiona, nami nimesimama mlangoni na taulo.

"Estill, kuna jambo."

"Mimi pia nina jambo," akasema. Akaosha wembe. "Baridi iliyopita nilikuwa nimeshaamua, Idella."

"Umeamua nini?"

"Kutofika huku kwenye maua. Si kujidhuru, usinitazame hivyo, najua unanitazama. Kuacha tu. Nilikuwa nimeshaachia." Akajipapasa shavu kuona kama limebaki na ndevu. "Kisha Bwana Vance akanishika mkono ndani ya lile sanduku. Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema umejikata kidevuni."

"Nipe taulo basi, umesimama kama nguzo."

Nikampa taulo.

Jumamosi ikafika. Nilioka keki ya matabaka ya tufaha kwa ajili ya ukumbi, ikabonyea katikati, na keki yangu haijawahi kubonyea. Ukumbi ulikuwa umejaa. Magari ya zimamoto yametolewa nje, meza ndefu zimepangwa, vikasha vya risasi hapa, rili kule, na katikati meza ya jaji yenye kitambaa cha kijani. Estill alivaa tai.

Jaji hahukumu kitu chake mwenyewe. Kwa hiyo Hobert ndiye aliyekaa nyuma ya kitambaa, na Estill akakaa mbele kama mshitakiwa. Mimi nilikuwa mstari wa kwanza na mkoba wangu mapajani. Rili ikatolewa ndani ya leso.

"Tope la kijito," Hobert akasema akiinusa. "Baruti ya zamani. Na kitu kingine. Estill, hii inanuka kuku."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Akaanza kufungua. Skrubu ya kwanza ikalia kidogo ikatoka. Akaiweka kwenye kisahani, akatazama kidoti kwa kioo. "Kimoja, kimoja." Ya pili. "Viwili, viwili." Mpaka ya sita. Kisha akachovya pamba kwenye mafuta ya taa akaanza kufuta jina. Masizi yakatoka. Tope likatoka. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Akainama na kioo, akainama tena, akainama mpaka pua ikagusa.

"Herufi zimekatwa kwa mkono," akasema. "Kwa mkono wa mtu anayejua. Huyu hakuwa anabahatisha. Miguuni zimelika kidogo, ni uzee." Akavuta pumzi, akasimama, na Hobert hasimami ovyo. "Ndugu zangu, mimi Hobert Slone nasema hii ni rili ya Tandy Vance. Ya nne."

Mnajua wazee hamsini wakipiga makofi? Kama mvua inayoanza kwenye bati. Mtu alipiga mluzi. Mimi nikaachia mkoba. Nilisema moyoni, umepona, Idella, mwizi mkubwa we, umepona.

"Mpeni mwenyewe aishike," mtu akasema.

Estill akanyoosha mikono, Hobert akaiweka viganjani mwake. Ilikuwa safi sasa. Na Estill, ambaye macho yake hayasomi, akafanya anachofanya siku hizi. Akasoma kwa kidole gumba.

Hapa lazima niwaambie jambo la mawe. Baba alinifundisha kwamba herufi ya kaburini lazima itoe maji. Ukichonga V ukaifunga chini, mvua itatuama mle, ije baridi, maji yagande, jiwe lipasuke. Kwa hiyo chini ya V unaacha kinjia kidogo, na kila mguu wa N unaufungua kidogo mwishoni, maji yapite. Nimechonga hivyo maisha yangu yote. Sifikirii. Mkono unafanya wenyewe, kama unavyofunga kitufe.

Mtu wa rili ana haja gani na maji ya mvua ndani ya herufi? Mimi niliwaza macho ya wale wazee wote na vioo vyao. Kidole sikukiwaza.

Na kila mwaka, Siku ya Kupamba Makaburi, Estill hupiga magoti kwenye jiwe la Vernon. Anatoa ukoko kwa mswaki mdogo, kisha anapitisha kidole gumba ndani ya kila herufi. V, E, R, N, O, N. Taratibu. Amefanya hivyo kwa miaka arobaini na minne.

Nilikiona kidole kikiingia kwenye V. Kikateremka. Kikafika chini, kwenye kile kinjia, kikasimama. Kikaruka A, kikaenda N. Mguu wa kwanza. Mguu wa pili. Kikasimama. Kikarudi kwenye V.

Kisha Estill akageuza uso pembeni kama mtu aliyechukizwa, na nikajua ananitazama.

Mtu nyuma alikuwa bado anapiga makofi peke yake, akaona aibu akaacha.

"Siyo," Estill akasema.

"Siyo nini, mzee?" Hobert akauliza.

"Siyo Vance. Nimekosea mimi. Iandikeni hivyo: Estill Combs amekosea."

"Umekosea nini na mimi nimeshasema! Nimesema mbele ya watu hamsini!"

"Basi na wewe umekosea. Kwani umekufa?"

"Nionyeshe kosa! Skrubu ziko sawa. Herufi ziko sawa. Kosa liko wapi?"

"Kidole changu kimeliona."

"Kidole!" Hobert akawa mwekundu mpaka masikioni. "Jaji wa vidole! Umetuita hapa kwa barua, watu wametoka mpaka Ohio, sasa kidole kimebadili mawazo? Nani kaichonga kama si Vance?"

Miguu yangu ikanisimamisha. Naapa sikuituma. Nilifungua mdomo.

"Idella," Estill akasema, bila kupandisha sauti. "Kaa chini."

Nikakaa.

Akaifunga rili kwenye gazeti yeye mwenyewe. Skrubu akazimimina mfukoni. Tukatoka katikati ya meza, mimi nimemshika kiwiko, na mzee mmoja karibu na mlango akamnong'onezea mwenzake kwamba macho yakienda na akili hufuata. Estill alisikia. Masikio yake ni mazima.

Tulipofika njia panda akasema, "Kilimani." Nikapandisha gari mpaka makaburini. Mimi nilibaki nimeshika usukani, yeye akaenda peke yake, anajua hatua. Nilimwona akipiga magoti. Nilimwona mkono ukienda kwenye jiwe, na mkono wa pili uko mfukoni, kwenye gazeti. Anapima huku na huku. Alipenda kuwa na hakika siku zote.

Aliporudi akafunga mlango wa gari polepole.

"Umeichukua herufi ya mtoto," akasema, "ukaitia kwenye mzaha."

Nilikuwa na majibu mengi. Mimi sikosi majibu. Nilitaka kusema ulikuwa unakufa. Nilitaka kusema mkanda, matundu, msumari. Nikasema, "Ndiyo."

"Washa gari."

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta jikoni amekaa kwenye kile kiti, mikono magotini. Nikamwekea mayai na mikate midogo na rojo, nikasubiri vijiko viwili.

"Mayai haya hayana chumvi, Vance," akasema.

"Unasema?"

"Nimesema hayana chumvi. Vance, chumvi iko wapi?"

Akala yote. Hakucheka, na hakuniita Idella tena siku ile wala iliyofuata. Baada ya kula akaenda chumba cha nyuma, akaacha mlango wazi, nikasikia anafungua kabati. Akaniita.

"Vance! Njoo hapa."

Alikuwa ameshika rili ya kwanza, ile aliyopewa na baba yake. Kidole gumba juu ya jina. "Hii nayo ni yako?"

"Estill, jamani. Hiyo ya baba yako."

"Nimeuliza."

"Si yangu."

Akaiweka kulia. Akachukua ya pili. "Na hii?"

Zilikuwa sitini na moja. Aliniuliza zote. Nyingine alizinunua kabla hatujaoana, na bado aliuliza, na kila nikijibu "si yangu" alikaa kidogo, kidole kinaisikiliza, ndipo aiweke. Nilielewa nilichofanya. Sikuharibu rili moja. Kila alichowahi kukiamini kilikuwa sasa kinapita mbele yangu kuomba ruhusa. Akaingia kwenye vikasha vya risasi. Akaingia kwenye makopo. Jua likatoka dirisha la mashariki likaja la kusini. Hobert alipiga simu mara mbili, hakuna aliyeinuka.

Mwisho akanyanyuka, akapapasa ukuta, akafika kwenye kalenda. Akaigusa. Karatasi ni karatasi, kidole hakina cha kusoma pale.

"Kanali," akasema. "Huyu najua si wako. Huyu alikuwepo kabla yako."

Angeishia hapo. Mtu mwenye akili angemwacha aishie hapo.

Mwaka ule wa theluji kubwa, Estill akiwa kwa dada yake, niliishusha kalenda ile niipanguse vumbi, nikaiweka karibu na jiko, simu ikalia. Kilichobaki ni ukucha na misumari. Nilizunguka wilaya tatu mpaka nikapata nakala iliyochapwa upya, nikaitia chai, nikaikausha juani, nikaitundika kwenye misumari ileile. Miaka thelathini na tatu amekuwa akimwamkia mbwa wangu.

"Estill," nikasema. "Huyo ndiye wangu."

Mkono wake haukutoka kwenye karatasi. "Tangu lini?"

"Tangu theluji kubwa. Wa kwanza aliungua."

Aligeuza uso pembeni. Nilisimama nitazamwe. Nje kuku yule aliyekosa vifaranga alikuwa anapiga kelele za bure. Nilifikiri atamng'oa Kanali ukutani, na mimi pamoja naye.

"Kitu kingine?" akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna, Estill. Naapa kwa jiwe la Vernon."

Alipotikisa kichwa sikujua ni kukubali au kuchoka. Akanyoosha kalenda, maana ilikuwa imekaa upande, na hata mimi mwenye macho sikuwa nimeona. Kisha akatoa gazeti mfukoni, akatoa ile rili na skrubu zake sita, akavipanga mezani, akavuta kiti.

"Leta tindo," akasema. "Lifute hilo jina la watu."

"Na nichonge nini?"

"Usichonge kitu. Umechonga vya kutosha."

Nikaleta tindo. Nilikaa mkabala naye nikaanza kukwangua V, yeye ameshikilia rili isicheze, kidole chake karibu na ncha ya chuma kuliko nilivyopenda. Nikimwambia asogeze, hasogezi. Kila nikimaliza herufi alikuwa anaipapasa kuhakikisha imekwisha kweli, kisha anasema, "Inayofuata."